Oparesheni ya mgongo 780,000: SHA italipa ngapi, na kadi yangu inamfunika babangu?

Swali ni la kijana wa Langoni, Lamu, nimelifupisha kidogo (SHA anayoitaja ni mamlaka ya serikali ya Kenya inayosimamia bima ya afya):

"Assalaam alaykum mama. Babangu ana miaka 61, mvuvi, huu mwezi wa tano mgongo unamuuma na maumivu yanashuka mguu wa kushoto mpaka kidole gumba. Picha ya MRI ilifanywa Mombasa ikasema disk ya L4/L5 (ule mto kati ya pingili za chini za mgongo) imetoka inabana mshipa wa fahamu. Hospitali ya binafsi hapo Mombasa wametupa karatasi ya bei: daktari 220,000, daktari wa usingizi 70,000, theta (chumba cha upasuaji) 95,000, implanti 310,000, kitanda siku 4 ni 60,000, dawa na vifaa 25,000. Jumla 780,000. Mimi nafanya kazi hoteli Shela, nakatwa SHA 660 kila mwezi. Je SHA italipa ngapi kwa hiyo? Bima nyingine naweza kumchukulia saa hii? Ami anasema tuuze mashua tumalize, na binamu yangu alioko Marekani anasema tushukuru kwa sababu kule ni dola elfu hamsini na zaidi."

Waalaykum salaam mwanangu, mzee Mungu ampe shifaa. Niseme mapema mimi si daktari, nimekaa ofisi ya bili ya hospitali halafu nikahamia upande wa bima, kazi yangu ilikuwa kusoma karatasi kama hiyo uliyonitumia na kuamua nani analipa nini, kwa hivyo nitakujibu kutoka kiti hicho na ya kitabibu nitayagusa tu pale ambapo yanabadilisha bili.

Ila kuna moja halingoji bili. Muulize mzee leo, na asione haya, kama mkojo unakwama au unatoka bila yeye kujua, kama choo hakizuiliki, kama sehemu anayokalia na kati ya mapaja imeingia ganzi, au kama miguu yote miwili imeanza kulegea. Likiwepo hata moja hapo hiyo si habari ya kwotesheni tena, ni dharura, apelekwe hospitali ya King Fahd hapo Lamu usiku huu huu wampe rufaa, kwa sababu mshipa ukibanwa hivyo kwa muda ile ganzi inaweza kubaki maisha. Na katiba ya 2010 kifungu cha 43 inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura, kwa hivyo wakikuambia leta dipoziti kwanza wakumbushe hicho kifungu, sauti ya chini tu, huwa wanakijua. Kama hana hizo dalili basi mna muda wa kufikiri na mashua isiguswe kwanza.

Sasa kadi yako. Hiyo 660 unayokatwa ni asilimia 2.75 ya mshahara wako wa 24,000, na inakufunika wewe, mkeo na watoto wako. Wazazi hawamo. Najua inauma kusikia kwa sababu sisi huku mtoto ndiye bima ya mzazi, lakini sheria ya SHA inamhesabu babako kama mkuu wa nyumba yake mwenyewe, lazima asajiliwe kwa kitambulisho chake na alipe mchango wake. Na akisajiliwa mamako anaingia humo humo kama mke, kwa hivyo hapo unawapata wawili kwa malipo mamoja.

Kusajiliwa ni bure, ni *147# kwa simu au nenda afisi zao akachukuliwe alama za vidole kabisa (fanya hivyo, maana mzee akifika hospitali na vidole havijulikani mtasumbuliwa). Kwa kuwa hana mshahara ataulizwa maswali mengi ya nyumba yake, ukuta ni wa nini, paa ni la nini, maji mnatoa wapi, mnapikia nini, halafu mashine inatoa kiwango chake. Kiwango cha chini kabisa ni 300 kwa mwezi, lakini mtu asiye na mshahara halipi mwezi mwezi kama wewe, analipa mwaka mzima kwa mpigo, yaani kiwango cha chini ni 3,600. Kuna mpango wa Lipa SHA Pole Pole wa kukopeshwa huo mchango ulipe kidogo kidogo, lakini kwa hali yenu mimi ningelipa yote mara moja nimalize, kwa sababu ofisi ya bili ikifungua kompyuta inaangalia kitu kimoja tu, amelipa au hajalipa. Na majibu ya yale maswali yawe ya kweli, mashua ni mashua, nyumba ya mawe ya kurithi mtaa wa zamani haimaanishi mzee ni tajiri lakini mashine haijui hilo, kiwango kikitoka kikubwa kuliko hali yake nenda ofisini mwambie afisa uso kwa uso.

SHA italipa ngapi? Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, wanadhani bima inachukua bili yote inaikata asilimia fulani. Haifanyi hivyo. SHA ina orodha ya bei zake ilizotangaza kwenye gazeti rasmi la serikali, kila aina ya upasuaji una kiasi chake kilichofungwa, na hicho kiasi ni cha kifurushi kizima kuanzia kulazwa mpaka kutoka. Hospitali inaomba kibali kabla ya upasuaji, SHA inakubali kiasi chake, na kile kilichobaki juu kinategemea uko hospitali gani. Hospitali ya serikali inajipanga kwa bei hizo hizo kwa hivyo pengo huwa dogo. Ya binafsi ina bei zake, inachukua cha SHA kama punguzo halafu inakugeukia wewe. Nikuonyeshe kwa kitanda kwa sababu hicho nambari zake ni rahisi: mtu akilazwa kwa ugonjwa wa kawaida bila upasuaji, SHA inalipa kwa siku 3,360 hospitali ya level 4, 3,920 level 5 na 4,480 level 6 (level ni daraja la hospitali, 6 ndiyo ya juu kabisa). Sasa tazama karatasi yako, kitanda siku 4 ni 60,000, yaani 15,000 kwa siku. Umeona hilo pengo? Kwenye upasuaji ni hivyo hivyo ila kwa nambari kubwa zaidi.

Kwa hivyo hospitali wakikuambia "ukiwa na SHA tutatoa kiasi" hawajakudanganya, lakini hawajakuambia kitu pia. Swali la kuwauliza ni hili: mnaomba kibali cha oparesheni gani kwa jina, SHA inatoa ngapi kwa hiyo, na mimi nabakia na ngapi, niandikieni. Na uhakikishe hospitali yenyewe ina mkataba na SHA kwa upasuaji wa aina hiyo, kwa sababu bango la SHA mlangoni linaweza kuwa ni la kliniki ya nje tu.

Lakini mwanangu mimi kilichonishtua kwenye hiyo karatasi si SHA. Ni implanti 310,000.

Implanti kwa mgongo ni skrubu na vyuma vya kuunganisha pingili mbili zikawa moja. Na wewe umeniambia MRI imesema disk imetoka inabana mshipa, basi. Disk iliyotoka kwa kawaida inatolewa kile kipande kinachobana, mshipa unapata nafasi, wanafunga, hakuna chuma kinachobaki ndani. Kuunganisha pingili kwa skrubu ni oparesheni nyingine, kubwa zaidi, saa nyingi zaidi theta, damu zaidi, na sababu zake zipo: pingili imeteleza juu ya mwenzake, mgongo umelegea haushiki, kuna mfupa uliovunjika, au maradhi yamekula mfupa. Inawezekana kabisa daktari ameona kitu kwenye picha ambacho hukuniandikia, na kama ndivyo hizo skrubu ni halali na usizikatae kwa ajili ya bei. Lakini inawezekana pia nyinyi mnafikiri mnanunua oparesheni moja na karatasi ni ya nyingine. Ni sawa na kuuliza bei ya nyumba bila kusema vyumba vingapi.

Toa hiyo 310,000 kwenye hesabu unabaki na 470,000. Na haishii hapo, kwa sababu bila skrubu hata saa za theta na ada ya daktari kwa kawaida zinashuka na mgonjwa anatoka mapema. Yaani jibu la swali moja kwa daktari linaweza kubadilisha bili kuliko SHA itakavyoibadilisha. Ulizeni hivi: "Daktari, kwa nini mzee anahitaji skrubu? Mgongo wake umelegea? Umeonaje?" Kulegea kwa mgongo huwa kunaangaliwa kwa eksirei ya kusimama, mgonjwa akiinama mbele halafu akijirudisha nyuma, ni picha ya bei nafuu ukilinganisha na MRI, na kama hajafanyiwa hiyo naona ni haki yenu kuuliza kwa nini. Daktari mzuri hakasiriki kwa swali hili, na akikasirika basi mmejua kitu.

Halafu nenda kwa daktari wa pili. Si wa hospitali hio hio. Chukua CD ya MRI (si karatasi ya ripoti peke yake, hiyo CD mliilipia ni yenu) mpeleke mzee kliniki ya mgongo au ya mifupa Coast General, hospitali ya umma pale Makadara, Mombasa, ama kama mna mtu wa kufikia bara kuna Kijabe na Kikuyu, hospitali za misheni ambazo zimezoea kazi za mgongo na mifupa na watu wa pwani wengi wameenda huko. Hospitali ya Kenyatta Nairobi ipo pia. Foleni ya hospitali za umma ni ndefu, sitakuficha, na wakati mwengine wanakuambia mnunue vifaa fulani wenyewe kwa sababu stoo haina, kwa hivyo hata huko omba orodha mapema msije mkakimbizana na duka la vifaa mzee ashalazwa. Lakini kama hana zile dalili za dharura nilizotaja juu, foleni inavumilika.

Na kwenye kungoja kuna faida yake. Disk nyingi zilizotoka hutulia zenyewe ndani ya wiki sita mpaka kumi na mbili kwa dawa za maumivu, mazoezi ya fizio na kuacha kuvuta vizito, yenu imepita hapo kwa hivyo sisemi mkae tu, miezi mitano na mguu bado unawaka ni sababu nzuri ya kuzungumza upasuaji. Ninachouliza ni kama hiyo miezi mitano alitibiwa au alikuwa bado anaingia baharini kuvuta jarife. Kama hajawahi kuonwa na mtu wa fizio hata mara moja basi hilo ni jambo la kufanya wakati mnangojea, na bima yoyote ikiletewa ombi la kibali itauliza hilo hilo, ametibiwa vipi kabla ya kufika kisu. Mkono mtupu hapo ndio maombi mengi yanarudishwa. Jambo jengine dogo, kama mzee anakonda, anatoka jasho usiku au ana homa ya jioni mwambieni daktari, kuna TB ya uti wa mgongo, na hiyo kwa wengi inatibika kwa vidonge vya TB ambavyo serikali inatoa bure.

Bima binafsi saa hii? Unaweza kuuziwa, hilo halina shida, wakala atakuuzia na tabasamu. Lakini ugonjwa uliokuwepo kabla ya kuchukua bima huwa una kipindi cha kungojea, mara nyingi mwaka mzima, na kuna kampuni ambazo mtu mpya wa umri kama wa babako hawamchukui. Usimruhusu mtu akushauri kuficha. MRI ina tarehe juu yake, mtu wa bima ataiomba, ataiona ni ya kabla ya kadi, atakataa kulipa na mchango wako umeenda. Kama hoteli yenu ina bima ya kikundi uliza kwa ofisi ya wafanyikazi kama wazazi wanaweza kuongezwa, zipo chache zinazokubali kwa malipo ya ziada, na ukipata hiyo soma pale pameandikwa kikomo cha vifaa vya kuwekwa mwilini, maana kadi inaweza kusema milioni moja ya kulazwa lakini implanti ikawekewa kikomo chake kidogo pembeni, na watu hawaoni mpaka siku ya kutoka.

Kuhusu binamu yako wa Marekani, mwambie asitutishe. Bei za kule zinakwenda na mambo ya kule. Mwenye bima kule ana kikomo cha mwaka anachotoa mfukoni, kwa mwaka 2025 sheria iliweka dola 9,200 kwa mtu mmoja kwa huduma za hospitali na madaktari wenye mkataba na bima yake, juu ya hapo bima inabeba, kwa hivyo dola elfu hamsini ni nambari ya karatasi, mwenye bima nzuri haitoi yote. Asiye na bima ndiye anaumia. Lakini kuna kitu kimoja chao nakipenda: tangu Januari 2022 mtu asiye na bima akipanga matibabu ana haki ya kupewa makadirio ya bei kwa maandishi kabla, na bili ikija imezidi makadirio kwa dola 400 au zaidi anaweza kuipinga. Sisi tunaweza kuomba makadirio kama hayo ingawa si sheria ile, na hospitali ya binafsi inayotaka biashara yako itakupa.

Turudi kwa karatasi yenu basi, kwa sababu kuna vitu havimo na visipokuwemo haimaanishi ni bure. Sioni vipimo vya damu na moyo kabla ya upasuaji. Sioni damu yenyewe kama itahitajika. Sioni mashine ya eksirei ya ndani ya theta, ambayo kwa kuweka skrubu kwa kawaida hutumika. Sioni fizio wala kliniki ya kurudi kutolewa nyuzi. Sioni inakuwaje mzee akihitaji kulala chumba cha uangalizi maalum usiku mmoja, na hicho ndicho kinachovuruga bili kuliko vyote. Na siku 4 ni makadirio tu, akikaa 6 ni 30,000 nyingine kwa kitanda peke yake. Uliza kama hiyo 780,000 ni bei iliyofungwa ya kifurushi ama ni makadirio yanayoweza kupanda, na kama ni makadirio yanapanda mpaka wapi.

Kama itabidi mlipe taslimu, jadilianeni. Mwenye pesa mkononi hospitali inampenda kwa sababu bima zinachelewa kuwalipa miezi. Ada ya daktari inashuka ukiongea na daktari mwenyewe, si karani. Implanti nazo zina wauzaji zaidi ya mmoja, uliza ni za kampuni gani, skrubu ngapi, na kama kuna za bei ya chini zinazokubalika, na mkubaliane kwamba isiyotumika hailipwi. Nimeshaona bili imeandikwa skrubu sita na picha ya baada ya oparesheni inaonyesha nne, wenyewe walizihesabu kwenye eksirei wakarudishiwa pesa.

Na hesabu ya nyumbani msiisahau. Kutoka Lamu ni boti mpaka Mokowe, halafu basi Garsen, Malindi mpaka Mombasa, kwenda kwa kliniki, kurudi, kwenda kulazwa, kurudi, kwenda kutolewa nyuzi, kurudi, na mtu wa kumshika kila safari na pahala pa kulala. Mgongo uliofunguliwa juzi hauwezi yale matuta ya barabarani siku hiyo hiyo, kwa hivyo ama mna jamaa Mombasa au Malindi atakaa naye wiki mbili tatu, ama mnamkatia ndege ya Manda, ama mnalipa nyumba. Wiki sita hivi hanyanyui kitu, na kuvuta nyavu ni miezi zaidi, mara nyengine hairudi kama zamani. Ndio maana namkatalia ami yako habari ya kuuza mashua. Akiuza leo, oparesheni itaisha, mzee atapona inshallah, na nyumba haina kinacholeta pesa. Mashua ikodishwe kwa kijana mwengine kwa mgao huo muda mzee yuko chini, hiyo ndiyo bima yake ya pili.

Mchango wa jamaa na marafiki mfanye lakini baada ya kujua nambari ya kweli. Watu huchanga mara moja, wakichanga kwa 780,000 halafu ije ikawa ni 1,000,000 hawarudi, na ikawa 400,000 mtaulizwa iliyobaki iko wapi.

Na likitokea la kutokea, mzee katibiwa na bili haijaisha, msikimbie na msikubali azuiliwe wodini. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ilisema kumzuilia mgonjwa kwa sababu ya deni ni kinyume cha katiba. Deni linabaki deni, mtaandikiana namna ya kulipa, na kwa hospitali za umma kuna afisa wa ustawi wa jamii ambaye kazi yake ni kuangalia nani apunguziwe, mwende kwake mapema mzee akiwa bado amelazwa, si siku ya kutoka.

Kwa sasa watumie hospitali ujumbe huu, unaweza kuunakili hivi ulivyo: "Naomba kujua jina kamili la oparesheni mliyopanga, sababu ya implanti, ni skrubu ngapi na za kampuni gani, kiasi mtakachoomba SHA na kitakachobaki kwetu, kama 780,000 ni bei iliyofungwa, na gharama gani hazimo. Naomba jibu kwa maandishi." Wakijibu nitumie picha ya jibu, jina la mzee na nambari ya kitambulisho uvifunike, nitakusomea mstari kwa mstari.